Chozi sio hamingbadi, usianze na kichupa

Kila wiki lazima nitumiwe klipu ya kandege kanaelea hewani kama helikopta kananyonya kwenye kichupa chekundu cha maji ya sukari, halafu swali, "fundi na mimi nataka hawa hapa kwangu Arusha, nifanyeje?" Jamani hao ni hamingbadi, wako mabara ya Amerika tu, kuanzia Alaska mpaka kusini kabisa kule Chile. Wetu huku ni ndege anaitwa chozi, mdomo mwembamba na manyoya ya kung'aa vinawafananisha ila undugu hawana.

Na tofauti yao ndo inayowalia watu hela. Hamingbadi ananyonya akiwa anaelea, chozi anaweza kuelea kidogo lakini anachotaka hasa ni kutua, kwahiyo ukiagiza kichupa kisicho na kijiti cha kukanyaga atakizunguka mara mbili tatu aende zake kwa jirani kwenye ua la mgomba.

Mi kwa wateja naanza na maua. Alovera zile za kienyeji zenye bomba jekundu, haibiskasi, na leonotisi, lile ua la rangi ya chungwa linalojipanga ghorofa ghorofa kwenye shina, wengine wanaling'oa wakidhani gugu. Shina lake ni gumu, chozi analishika vizuri huku ananyonya. Ila usipande yote fungu moja! Kule Naivasha, Kenya, watafiti Gill na Wolf waliandika mwaka 1975 kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu anavyolinda shamba lake la leonotisi, wakakuta maeneo yanapishana sana kwa ukubwa lakini idadi ya maua ndani yake inakaribiana, yaani ndege anahesabu chakula, hajali ukubwa wa kiwanja. Kwahiyo ukipanda fungu moja dume mmoja anajimilikisha na kutwa nzima kazi yake kufukuza wenzie, we gawa, moja mbele moja nyuma ya nyumba wasikoonana.

Bado unataka kichupa? Sawa, sukari nyeupe kipimo 1 maji vipimo 4, koroga mpaka iyeyuke, basi. Rangi nyekundu usiweke kwenye maji, ipake kichupa chenyewe kwa nje. Asali pia hapana, mi nilijaribu zamani nikajiona mjanja, siku ya pili imechacha inanuka kama pombe ya mbege na nyuki wamejaa hadi dirishani. Kwenye joto badilisha kila siku mbili na uoshe kwa maji ya moto.

Halafu hili watu hawapendi kulisikia, acheni kupuliza dawa za wadudu. Chozi haishi kwa utamu peke yake, makinda yanalishwa wadudu na buibui, na jike kiota chake anakishona kwa utando wa buibui, kile kimfuko kinachoning'inia. Mteja wangu mmoja ana bustani safi kama hoteli, buibui anaondolewa kila asubuhi kwa ufagio, maua yamejaa, alafu analalamika chozi wanakula tu na kuondoka. Nilimwambia aache kona moja ya baraza isifagiliwe. Akakubali kwa shingo upande, na sasa kuna kiota kwenye waya wa taa ya nje kwahiyo taa haiwashwi mpaka watoto waruke.