Mpunga Mwitu Katika Pipa la Uani: Ushauri kwa Wakazi wa Lamu

Mpunga mwitu wenye punje ndefu nyeusi, ambao huuzwa madukani kwa bei ghali, asili yake ni maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, ambako Waojibwe, wenyeji asilia wa huko, wameuvuna kwa mitumbwi tangu kale. Mbegu yake haioti mpaka ikae majini, katika baridi inayokaribia kugandisha, kwa takriban miezi mitatu au zaidi, na ikikauka kabisa hufa. Tena punje zinazouzwa kwa mapishi kwa kawaida zimekwisha kukaushwa kwa moto, kwa hiyo anayezinunua ili apande anapoteza fedha zake. Hata kama jokofu litaiga baridi hiyo, joto la Lamu halitaufaa mmea wenyewe.

Upo pia mpunga mwitu wa Afrika, lakini huo nao hatushauri uletwe nyumbani, kwa sababu huenea kwa vishina vya chini ya ardhi, punje zake hupukutika kabla ya kuvunwa, na wakulima wa mpunga huuhesabu kuwa gugu sugu.

Kinachofaa ni mpunga wa kawaida. Tafuta mbegu isiyokobolewa, iloweke kwa siku moja, kisha ifunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi ichipue. Jaza pipa lililokatwa au beseni lisilovuja udongo mzito uliochanganywa na samadi iliyooza, kwa kina cha sentimita 20 hivi, panda humo mbegu zilizochipua, na miche ikishika, acha maji ya sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Maji ndiyo shida kubwa ya kisiwani: mpunga huathirika sana na chumvi ukiwa mchanga na unapotoa maua, na maji ya kisima yenye chumvichumvi huzidi ukali kadiri jua linavyoyakausha. Kinga maji ya mvua za masika.

La pili ni mbu, na hapa hatuna budi kusisitiza. Mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, wa mwaka 2004 mjini Lamu ulihusishwa na mbu waliozaliana katika vyombo vya maji majumbani. Wazee waliojenga nyumba za mawe walilijua tatizo hili, wakaweka samaki wadogo ndani ya birika (tangi la maji la nyumbani), na bakuli la kauri sakafuni mwake ili samaki wasife maji yanapopungua. Katika beseni la mpunga, mwaga maji yote kila wiki hadi yabaki matope, usugue kingo za ndani kwa brashi (mayai ya mbu huyu hunata hapo na huvumilia ukavu), kisha ujaze upya.

Punje zikianza kujaa maziwa, funika beseni kwa wavu, maana ndege hawatasubiri. Vuna masuke yakishakuwa manjano karibu yote.