Kielezi jiù (就) kwa anayeanza Kichina

Wanafunzi wangu wa mwanzo huuliza jiù maana yake nini, nami huwa siwapi tafsiri. Ukikariri neno moja la Kiswahili, sentensi ya pili itakukwamisha. Tuanze na saa.

Tā bā diǎn jiù lái le (他八点就来了): amekuja saa mbili, na msemaji anaona ni mapema. Toa jiù, weka cái: Tā bā diǎn cái lái (他八点才来). Saa ni ileile, ila sasa msemaji anaona amechelewa. Sisi tungesema "saa mbili alishafika" na "mpaka saa mbili ndipo akaja". Tazama pia le ya mwisho: kwenye jiù ipo, kwenye cái haipo. (Ndiyo, bā ni nane. Wachina huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo toa sita.)

Muundo wa yī … jiù hautusumbui kabisa. Wǒ yí dào jiā jiù shuìjiào (我一到家就睡觉): nikifika tu nyumbani, nalala. Hapo yī imekuwa yí kwa kuwa inafuatwa na toni ya nne, yaani sauti inayoshuka, ile ya dào.

Taabu iko kwenye sharti. Rúguǒ xià yǔ, wǒ jiù bú qù (如果下雨,我就不去): mvua ikinyesha, siendi. Kwetu -ki- imeshamaliza kazi, ndiyo maana wengi huiacha jiù. Hilo si kosa kubwa, utaeleweka. Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni jiù wǒ bú qù. Mwanafunzi kichwani anasema "basi mimi siendi", akaitanguliza jiù kama anavyotanguliza "basi". Mchina atasikia jambo jingine: "ni mimi tu nisiyekwenda", wenzako wote wanakwenda! Kwenye sharti, mtenda hutangulia, jiù inafuata, ndipo kije kitenzi pamoja na ukanushi wake.

Ukishazoea hapo, sikiliza jiù shì. Zhè jiù shì wǒ jiā (这就是我家): hapa ndipo kwetu. Mtu akipiga simu akikutafuta kwa jina, mjibu Wǒ jiù shì (我就是), "ndiye mimi". Mswahili aliyekua na ndiye, ndipo na ndiyo mdomoni hahitaji kufundishwa msisitizo huu mara mbili.