"Mpaka" wa 4 si herufi ya 4

Nimesikia tena anayefundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akieleza kukata kipande cha neno: kwamba `neno[1:4]` ni "kuanzia herufi ya 1 mpaka ya 4". Mwanafunzi akategemea herufi nne, kompyuta ikampa tatu, akaambiwa akariri tu kuwa ya mwisho haihesabiwi.

Maana yenyewe ni fupi: kukata kipande ni kupata sehemu ya mfuatano, uwe maandishi au orodha, kwa kutaja inapoanzia na inapokomea. Katika Python unapewa kipande kipya. Orodha ya awali haipungui, ingawa neno "kukata" linatisha. Ikiwa `neno = "kitabu"`, basi `neno[1:4]` ni `"ita"`.

Kinachonikera ni hilo "mpaka". Tumelizoea kwenye "kutoka hapa mpaka pale" hata tukasahau kuwa ni nomino: mpaka wa shamba, mpaka wa nchi, ndugu wa kitenzi "kupakana". Mpaka haulimwi. Ni mstari tu, hapa kwangu, pale kwako. Anayekimbilia "hadi" naye hajaokoka, kwani limetoka kwenye Kiarabu *hadd*, yaani ukomo, mpaka uleule.

Sasa tazama:

```
| k | i | t | a | b | u |
0   1   2   3   4   5   6
```

Herufi 6, mipaka 7. Kati ya mpaka wa 1 na wa 4 mna i, t, a. Toa 1 kwenye 4, unapata urefu. Hakuna cha kukariri. `neno[:2]` na `neno[2:]` vinapakana bila kugombea herufi: `"ki"` na `"tabu"` (tabu hiyo sikuiweka mimi). `neno[3:3]` ni tupu, maana mstari mmoja hauzungushii kitu. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliutetea mtindo huu mwaka 1982 kwa sababu hizihizi.

Mkanganyiko, nakiri, una chanzo: namba ikiwa peke yake, `neno[4]`, inataja herufi inayoanzia kwenye mpaka huo, yaani b. Ndiyo maana `neno[6]` ni kosa ilhali `neno[2:6]` ni halali. Mpaka wa 6 upo, ila hakuna herufi inayoanzia hapo.

Kwa hiyo, mwalimu, "mpaka" usiliache. Acha "herufi ya". Sema "kati ya mpaka wa 1 na mpaka wa 4".