Majibu mawili ya ANCA kwa mgonjwa mmoja: maabara ipi imekosea?

Kuna swali ambalo sisi wa maabara ya kingamwili hatulikwepi. Mgonjwa ana karatasi mbili. Moja imeandikwa "P-ANCA chanya", nyingine, ya maabara tofauti, "PR3 hasi, MPO hasi". Ndugu wanataka kujua mashine ya nani ni mbovu. Mara nyingi hakuna mbovu. Vipimo hivyo havitafuti kitu kimoja.

ANCA ni kingamwili zilizopotea njia. Badala ya kupambana na vijidudu, hugeukia nyutrofili, chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe, hasa protini zake mbili ziitwazo PR3 na MPO. Nyutrofili zikichokozwa hivyo huunguza kuta za mishipa midogo ya damu, na figo, mapafu na pua ndizo huumia zaidi. ANCA zilielezwa mara ya kwanza mwaka 1982 huko Australia kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 1985 zikahusishwa na ugonjwa wa mishipa midogo ya damu uliokuwa ukiitwa wa Wegener, leo GPA.

Kipimo cha zamani ni cha hadubini. Nyutrofili za mtu mzima wa afya hukaushwa juu ya kioo kwa ethanoli, zikawekewa seramu (majimaji ya damu) ya mgonjwa, kisha rangi inayong'aa. Unaingia chumba cha giza. Ukiona punje za kijani zimetapakaa ndani ya seli, hiyo ni C-ANCA. Kijani kikikumbatia kiini kama pete, ni P-ANCA.

Ajabu ni kwamba pete hiyo tumeitengeneza wenyewe. MPO hukaa ndani ya vifuko vidogo vya seli. Ethanoli hutoboa vifuko, na MPO, yenye chaji chanya, hukimbilia kiini chenye chaji hasi. Tumia fomalini badala ya ethanoli, MPO itatulia mahali pake na pete haitaonekana. Tena kingamwili za kiini, kama za mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, hung'aa hapo hapo. Kwa jicho lililochoka zinafanana mno, na ndiyo maana slaidi hizi sipendi kuzisoma saa kumi jioni.

ELISA, kipimo kilichotoa karatasi ya pili, haihangaiki na picha. Vijishimo vya plastiki vimepakwa protini moja tu, PR3 au MPO. Seramu ikiwa na kingamwili yake, hunasa. Basi mtu mwenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana anaweza kuonyesha P-ANCA kwenye hadubini huku MPO ikiwa hasi, na hana ugonjwa wa mishipa hata kidogo. Makubaliano ya kimataifa ya 1999 yalitaka hadubini itangulie. Yale ya 2017 yaliruhusu kuanza na PR3 na MPO, mradi vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ni vya ubora. Kwangu huo ni uamuzi mzuri, hasa pale ambapo msomaji mzoefu wa slaidi ni mmoja tu na yuko likizo.

Namba nazo zina mtego. 60 ya maabara moja na 25 ya nyingine hazilinganishwi, kwa sababu kila mtengenezaji ana kipimio chake na mpaka wake kati ya hasi na chanya. Ukifuatiliwa, pima palepale, kwa njia ileile.

Kwetu kuna jambo zito zaidi: kifua kikuu. Kukohoa damu, kukonda, doa kwenye picha ya kifua. GPA huja hivyo hivyo, na kifua kikuu chenyewe kinaweza kuamsha ANCA. Vivyo hivyo maambukizi ya vali za moyo na hidralazini, dawa ya presha. Daktari akiandika "ANCA" peke yake kwenye fomu, bila dalili wala dawa, anatuachia kubahatisha.

Hasi nayo haifungi mlango, maana wapo wenye GPA halisi ambao ANCA yao haionekani kamwe. Mkojo ukiwa na damu na protini, na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ikipanda, figo zinaweza kwisha ndani ya wiki chache. Daktari wa figo apigiwe simu siku hiyohiyo, majibu yetu yatamkuta njiani.