Choki ya wati 400 na taa ya wati 400 huenda zisipatane

Msimu wa korosho ukianza, simu nyingi ninazopokea hutoka maghalani. Malori yanashusha mpaka usiku, mwanga unatakiwa, na msimamizi ameshanunua taa mpya za metali halaidi za wati 400 pamoja na choki (koili zinazozuia mkondo wa taa) za wati 400. Zimefungwa, zimewaka, watu wamefurahi. Baada ya muda moja inatoa mwanga wa kijani, nyingine inawaka na kuzimika, ya tatu kichupa chake cha ndani kimevimba. Hapo ndipo naulizwa, "Fundi, hizi taa feki?"

Mara nyingi si feki. Wati zimelingana, ampea hazikulingana.

Taa hizi hazina uzi wa kuwaka kama balbu za zamani. Ndani ya kichupa cha kwatsi mna zebaki, gesi kidogo ya agoni na chumvi za metali, na umeme unaruka kati ya ncha mbili na kuwa moto mweupe. Moto huo hauna kiasi: mkondo ukipanda ukinzani wake unashuka, basi unavuta zaidi, na zaidi tena. Ukiupa volti 230 mkavu, hutamaliza kuhesabu tatu. Choki ndiyo inayouzuia. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea: volti inaamuliwa na taa, ampea inaamuliwa na choki. Wati zinapatikana pale viwili hivyo vinapokutana.

Chukua taa ya sodiamu ya wati 400, ile ya mwanga wa chungwa wa barabarani. Ikishapata moto hukaa kwenye volti 100 hivi, na choki yake hupitisha kama ampea 4.6. Metali halaidi nyingi za Ulaya za wati hizohizo hukaa kwenye volti 125 hivi na kutaka ampea kama 3.4. (Ukizidisha, zote mbili zinavuka 400. Usishtuke: umbo la volti ndani ya moto ule halifanani na umbo la mkondo, hivyo wati halisi ni pungufu ya hesabu ya kalamu.) Sasa ifunge ya 3.4 kwenye choki ya sodiamu. Inasukumiwa mkondo mwingi kuliko inavyouhitaji, kwatsi inalainika, inavimba, na humo ndani kuna presha ya angahewa kadhaa. Kikipasuka, vipande vinatoka vya moto. Ndiyo maana namkatalia kabisa fundi anayetoa kioo cha mbele ili "mwanga uongezeke" juu ya vichwa vya watu wanaoshona magunia.

Kinyume chake nacho kipo. Metali halaidi iliyotengenezwa kwa choki ya sodiamu ukiipa choki ya zebaki ya ampea 3.25, inabaki na njaa: chumvi haziyeyuki na kuvukiza inavyopasa, rangi inaharibika, na taa inayumbayumba. Ziko pia zilizobuniwa makusudi zichukue nafasi ya taa za zebaki kwenye choki ileile, na ziko ambazo mtengenezaji anaruhusu choki zote mbili, kwa wati na rangi tofauti. Kwa hiyo dukani usianze na wati. Geuza choki, soma ampea kwenye kibati chake, kisha soma za taa kwenye boksi. Muuzaji akikuambia "zote sawa tu," mshukuru, usome mwenyewe.

Vifaa vya mtumba kutoka Marekani ni balaa la peke yake. Kule wanatumia alama ya herufi M na namba: M59 ni ya wati 400, M58 ya 250, M47 ya 1000, na namba ya taa lazima ifanane na ya balasti, yaani choki yao. Utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba balasti hizo ni za umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), sisi huku tuna 50. Ukinzani wa koili hushuka hezi zinaposhuka, chuma chake kinashiba usumaku, joto linapanda. Halafu nyingi za aina hiyo kapasita yake imefungwa mfululizo na taa, nayo inashiriki kupanga mkondo. Ukiibadilisha kwa uliyoiokota, umebadilisha balasti. Katika mfumo wetu wa choki ya kawaida kapasita iko sambamba na laini, yaani waya zinazoleta umeme, na kazi yake ni kupunguza ampea za laini tu. Ikifa, taa inaendelea kuwaka kama kawaida, ila kwa ile metali halaidi ya wati 400 laini inabeba ampea 3.4 badala ya kama 2, na breka inaanza kuruka bila mtu kujua sababu.

Za wati 2000, zile za viwanja vya mpira, zina mtego mwingine. Ipo ya volti 230 inayovuta ampea 16.5, na ipo ya kufungwa kati ya fezi mbili (waya mbili zenye umeme) inayovuta ampea 9 hivi. Hii ya pili moto wake wenyewe unakaa karibu volti 240, kwa hiyo fezi moja na nyutro haitoshi kuushikilia. Ignaita, kile kifaa kinachopiga pigo la volti nyingi kuiwasha taa, italia usiku kucha. Na breka yake iwe ya kukata fezi zote mbili, la sivyo utapanda nguzo ukidhani umezima.

Ignaita yenyewe: ile ya waya tatu isiyotumia koili ya choki ikae jirani na taa, maana waya mrefu unameza pigo lake la kilovolti 3 hadi 5. Ukitaka vifaa vikae chini ya nguzo, jambo ninalolipenda kwa ukaguzi wa kutu ya chumvi ya bahari, tafuta aina ya kufungwa kwa mbali.

Soma pia "tw 130" na "Δt 70" kwenye choki. Maana yake koili inavumilia nyuzi 130 na yenyewe huongeza 70, hivyo hewa inayoizunguka isizidi 60. Sanduku la chuma lililofungwa chini ya bati, mchana wa Mtwara mwezi wa kumi na moja, linafika huko bila taabu.

Ukimaliza kufunga, subiri robo saa taa ipate moto, kisha weka klampu mita (mita ya kukumbatia waya) kwenye waya wa taa, siyo wa laini, usome ampea. Pima na volti za laini saa za usiku mzigo ukiwa mdogo, kwa sababu kwa choki ya kawaida ongezeko la asilimia 5 ya volti huongeza wati za taa kwa zaidi ya asilimia 10. Ukikuta 240 na choki ina matundu ya kufungia waya ya 220, 230 na 240, hamishia waya kwenye la 240.