Karantini ya geko ni nini hasa, na kwanini siku zinaanza upya

Karantini Uganda si neno geni. Wafugaji wa ng'ombe kule Kiruhura na Nakasongola wakisikia imetangazwa sababu ya homa ya miguu na midomo wanajua soko limefungwa na lori la mifugo halipiti, na 2022 Ebola ilipoingia Mubende na Kassanda sote tukajifunza zaidi. Lakini kwa watu wanaoagiza geko kutoka nje naona wengi wanaichukulia ni kitu cha eapoti tu, eti mzigo ukishatoka Entebbe na makaratasi yamegongwa muhuri basi imeisha. Haijaisha jamani, ndo kwanza inaanza.

Kwa asiyewajua, geko ni jamii moja na yule mjusi kafiri anaewinda wadudu ukutani karibu na taa, ila wanaofugwa sana ni leopadi geko wa Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, ana madoadoa na mkia mnene, na kresti geko wa New Caledonia ambae watu walidhani ameshatoweka duniani mpaka akaonekana tena 1994.

Sasa karantini ni hivi: mnyama mgeni anatengwa na wale ulionao, anakaa huko muda unaopangwa kwa kuangalia ugonjwa unaouogopa, na kwa muda wote huo anapimwa na kuandikwa. Mtu akimtenga tu bila kumpima, akasubiri miezi alafu akamchanganya na wengine kwa vile anaonekana mzima, huyo hajafanya karantini.

Hesabu ya siku ndo inawachanganya wengi. Kumbuka Ebola, mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa hadi siku 21 kabla dalili hazijatoka, kwa hiyo nchi inasubiri mara mbili yake, siku 42 bila mgonjwa mpya, na hivo ndivyo Uganda ilivyotangazwa salama 11 Januari 2023. Akitokea mgonjwa mpya katikati, mnarudi moja. Kwa geko ni mantiki ile ile, na wafugaji makini huwa wanakaa siku 90. Ukiwa siku ya 70 rafiki yako akakuletea geko mwingine nawe ukamwingiza chumba kile kile, basi wote wako siku ya kwanza, hata wale waliokuwa wamebakiza wiki chache, maana hujui huyu mpya amewapa nini. Inauma, najua, lakini ukianza kusamehe siku hapo hakuna karantini tena. Wageni wanaingia pamoja na wanatoka pamoja, kama wafuga broila wanavyofanya na vifaranga vyao.

Na kwanini siku nyingi hivo? Sababu kubwa ni kriptosporidiamu. Hiki ni kimelea kinachokaa kwenye utumbo, na ubaya wake ni kwamba geko anaweza kula vizuri, macho yanang'aa, huku anakitoa kwenye kinyesi, tena hakitoki kila siku. Ukipeleka kinyesi maabara mara moja ukaambiwa hamna kitu, inawezekana siku hiyo tu ndo hakikutoka. Kwa hiyo vipimo vinarudiwa, vimeachana wiki kadhaa, na ukiweza omba kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Kikishamkolea utaona kwenye mkia, leopadi geko anaweka mafuta yake pale kwa hiyo mkia wa mzima unajaa kama kidole gumba, na wa mgonjwa unakonda wiki baada ya wiki mpaka unabaki kijiti chenye ngozi iliyokunjamana. Ndo maana mzani wa jikoni wa dijitali, unaosoma gramu moja moja, ni kifaa muhimu kuliko taa za bei ghali. Pima kila wiki, andika. Gramu zinashuka kabla jicho lako halijaona chochote. Dawa ya kukimaliza kabisa haipo, paromomaisini inakipunguza tu.

Alafu kuna hili la usafi. Mtu anamwaga Jik kwenye tangi analofugia geko anaona amemaliza. Klorini haiui mayai ya hiki kimelea, kinachosaidia ni joto, maji yanayochemka au mvuke, na haidrojeni peroksaidi ya nguvu. Sakafu ya tangi weka tishu au gazeti, usiweke mchanga, ili kinyesi ukione na ukitoe siku hiyo hiyo. Na angalia nyenje, wale wadudu unaowalisha geko, banange! Nyenje asiyeliwa usiku ule anaingia kona anakula kinyesi cha geko, asubuhi ukamwonea huruma ukamrudisha kwenye ndoo ya nyenje wote au ukampa geko wa tangi jingine, umeshausambaza ugonjwa kwa mkono wako. Nyenje wa karantini hawarudi, wanakufa huko huko.

Chumba kizuri ni kile kilichojitenga, boizi kota ya nyuma inafaa sana. Koleo zake, bakuli zake, kitambaa chake, hata kandambili zake. Na unafanya kazi kwa mpangilio: asubuhi unaanza na geko wako wa zamani, unamaliza, ndo unaenda kwa wageni, na ukitoka huko unanawa na hurudi kwa wazamani mpaka kesho. Kunawa ni kwa ajili yako pia, reptilia wengi wanabeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa, na mwenye watoto chini ya miaka 5 nyumbani asiwaache wawashike.

Upande wa sheria, wanyama hai wanaoingia nchini wanahitaji kibali cha wizara ya kilimo na cheti cha afya kutoka nchi wanakotoka, na kwa wanyamapori kuna UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, na sheria ya wanyamapori ya 2019. Spishi nazo zinatofautiana, geko toke wa Asia yuko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 2019, na yule mdogo wa bluu wa msitu wa Kimboza kule Morogoro yuko orodha ya kwanza, biashara yake ya kutoka porini imefungwa kabisa. Australia na New Zealand zenyewe zimefunga mlango, huwezi kuingiza geko wa kufuga hata ukikubali karantini ya mwaka. Wengine wanaona ni ukali, mimi nazielewa nchi hizo, maana mjusi kafiri wetu wa Afrika alishasafiri hadi Brazil na visiwa vya Karibi, na mjusi kafiri wa Asia alipofika Mauritius geko wa asili ya pale wakasukumwa nje ya makazi yao.

Kuzalisha ndani ya karantini, hapana. Lakini jike anaweza kufika tayari ana mimba akakutagia mayai mawili, na hapo watu wengi wanakimbilia inkubeta kubwa, mashine ya kuangulia mayai ya geko wote. Yai la geko linapita tundu lile lile la kinyesi, kwa hiyo ganda linaweza kuwa limechafuka. Tafuta kontena lake peke yake, liangulie kule kule kwa wageni, kwa leopadi geko ukitaka majike weka kama nyuzi 26 na 27 na madume karibu 32, na vitoto vikitoka vinahesabiwa ni wageni kama mama yao, navyo vinapimwa.

Kipimo kikirudi na kriptosporidiamu, huyo geko haingii kwenye kundi la kuzalisha maisha yake yote, ongea na daktari wa mifugo anaejua reptilia kama atatunzwa peke yake au atalazwa usingizi wa kufa. Vitu vya mbao na magome alivyotumia vichome, na wenzake wa chumba kile wanaanza siku ya kwanza.