Kitambi cha kubinuka: kilo zimeondoka, tumbo limebaki

Mtu amepunguza kilo 12. Mashavu yamechongoka, pete inacheza kidoleni, suruali ya zamani inapita mapajani bila kushindana. Ila akijitazama kiubavu kwenye kioo, tumbo bado limetangulia. Hapo wengi huamua kukata hata ule mlo wa jioni uliobaki. Namsihi mtu wa namna hiyo asubiri kidogo, kwa sababu si kila tumbo lililotoka ni mafuta.

Kitambi cha kubinuka ni jina ninalolitumia kwa tumbo linalosukumwa mbele na jinsi mtu anavyosimama. Fupanyonga limekaa kama beseni, na matumbo yameegemea humo. Beseni likiinamia mbele, kiuno huingia ndani kwa nyuma, matako hubinuka, na uzito wa matumbo huangukia ukuta wa mbele. Hakuna hata gramu moja ya mafuta iliyoongezeka, lakini vifungo vya shati vinavutika.

Jipime mwenyewe. Simama ubavu mbele ya kioo, vua shati, pumua kawaida. Binua matako kwa makusudi uone tumbo linavyochomoza. Sasa bana matako na uvute mfupa wa kinena juu kuelekea kitovuni, bila kuzuia pumzi. Tumbo likirudi ndani waziwazi, ujue sehemu ya kitambi chako ni msimamo. Lisipobadilika, sababu iko kwingine. Mwinamo mdogo wa nyonga ni wa kawaida hata kwa watu wazima wa afya wasioumwa popote, kwa hiyo usijione kilema kwa kuwa mgongo wako una kibonde.

Kwa nini hali hii huonekana zaidi baada ya kupungua? Mwenye tumbo kubwa husimama akiegemea nyuma ili asivutwe mbele na uzito, kama mjamzito wa miezi minane. Akiishi hivyo miaka kumi, mwili unauzoea. Mafuta yakiondoka, mazoea hubaki. Zaidi ya hapo, anayepungua kwa kujinyima chakula tu, bila mazoezi, hupoteza na nyama za mwili, zikiwemo za matako na za tumbo ambazo ndizo zinazolishikilia beseni lisiinamie.

Kwa waliozaa kuna jambo jingine. Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo huachana wakati wa ujauzito, na kwa baadhi hairudi kukutana vizuri. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha pitisha vidole juu ya kitovu. Ukikuta mfereji laini unaozidi upana wa vidole viwili, muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza mazoezi ya kujikunja kwa nguvu, maana yakifanywa vibaya huzidi kulisukuma tumbo nje. Bibi zetu walifunga mkaja baada ya uzazi, na mzazi mpya hujisikia ameshikiliwa. Lakini nguo hushikilia kwa muda inapofungwa tu. Misuli hairudishi nguvu zake mpaka itumike, na mikanda ya kubana tumbo inayouzwa siku hizi iko vilevile: haiyeyushi mafuta.

Mafuta yenyewe ni ya aina mbili. Yapo ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole, na yapo ya ndani yanayozunguka ini na utumbo. Ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo, na kwa bahati njema huitikia mapema mtu anapopungua. Yanayoganda mwishoni mara nyingi ni yale ya kufinya. Kujikunja mara mia kwa siku hakuyaondoi mahali ulipopachagua, kwani mwili huchota mafuta kutoka kila upande kwa utaratibu wake.

Kwa hiyo shika utepe wa fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke hatari huanza kupanda, na bado kuna mafuta ya kushughulikia. Ukiwa chini ya hapo na tumbo bado limetoka, mimi ningeacha kupunguza chakula na kujenga misuli: kulala chali na kuinua nyonga huku umebana matako, planki fupi fupi (kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), na kunyoosha misuli ya mbele ya paja la mguu uliopiga goti chini. Fanya kila siku kwa miezi miwili au mitatu, si kwa wiki moja.

Tumbo linalolala asubuhi na kuvimba jioni mara nyingi ni gesi na chakula. Lakini kuna tumbo la kuogopa: mikono na uso vinakonda bila wewe kutaka, huku tumbo linazidi kukua, au ni gumu, au miguu inavimba. Linaweza kuwa maji, ini, au uvimbe kwenye kizazi au ovari. Mwenye dalili hizo aende hospitali wiki hii hii akapigwe ultrasaundi.